Tope, Shabu na Klorini: Somo la Kemia Kutoka Mtungi wa Maji

 

Tumeulizwa swali moja na vikundi kadhaa. Wazazi wanasema: "Mtoto wangu yuko sekondari ya chini, analeta daftari limejaa elementi, kampaundi na michanganyiko. Akiniuliza, sina la kumwambia. Haya mambo yatamfaa nini hapa kijijini?" Wale tuliosoma zamani tuliyakuta mambo hayo Kidato cha Kwanza, tukayakariri kwa ajili ya mtihani, tukayasahau. Siku hizi yako katika sayansi ya Gredi ya 7 hadi ya 9. Basi leo tujifunze pamoja, wazazi na watoto. Hatutaanzia kwenye daftari. Tutaanzia kwenye mtungi wa maji, kwa sababu mtungi ndio uliotufundisha sisi wenyewe, tena kwa aibu.

KOSA LETU

Ilikuwa mwaka 2020, wakati ziwa lilipopanda hadi kiwango ambacho wazee walisema hawakukiona tangu miaka ya 1960. Vyoo vya shimo vilijaa maji, visima vya karibu na ufuo vikaingiwa na uchafu, na familia nyingi zikahamia kwenye madarasa ya shule, ambayo yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona. Kikundi chetu kilipata chupa za dawa ya klorini. Tukafurahi sana. Tukachota maji ya mto, yale ya rangi ya chai ya maziwa, tukajaza pipa la lita 200. Tukahesabu vifuniko kumi vya dawa, kifuniko kimoja kwa kila lita 20, tukakoroga, tukafunika, tukangoja nusu saa. Kisha tukawagawia watu.

Siku ya tatu watoto kadhaa walianza kuharisha. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu. Lakini mama mmoja alisimama mbele ya watu wote akatuuliza: "Si mlituambia haya maji yametiwa dawa?" Hatukuwa na jibu.

Dawa ilikuwa nzima, haikuwa imeharibika. Hesabu ya vifuniko ilikuwa sawa. Lakini kwenye karatasi ya chupa palikuwa na mstari wa pili, kuhusu maji yenye tope, na sisi kwa haraka hatukuusoma. Na hata tungeusoma, hatukujua kwa nini uliandikwa. Hicho ndicho tulichokosa.

NYOYO NA CHUMVI

Tuanze na jikoni. Ukipika nyoyo, mahindi na maharagwe viko katika sufuria moja, lakini kila kimoja kimebaki vile kilivyokuwa. Ukitaka unaweza kukaa chini ukachagua maharagwe pembeni na mahindi pembeni. Huo ni mchanganyiko. Vitu vimekaa pamoja tu, havijaungana.

Chumvi ni habari nyingine. Chumvi imetokana na vitu viwili. Cha kwanza ni sodiamu, madini laini ambayo unaweza kuyakata kwa kisu, na ukiyatupa katika maji yanawaka moto. Cha pili ni klorini, gesi ya rangi ya kijani-manjano yenye sumu. Majeshi ya Ujerumani yaliitumia vitani mwaka 1915 kuua watu kule Ubelgiji. Vitu viwili vya hatari namna hiyo vikiungana, vinatoka kitu unachokitia katika mboga kila jioni! Sodiamu na klorini kila kimoja ni elementi, yaani kitu ambacho huwezi kukivunja kikatoa kitu kingine rahisi zaidi kwa njia za kawaida za kemia. Chumvi ni kampaundi: elementi zimeungana kwa kipimo maalum, na kilichopatikana kina tabia yake chenyewe. Huwezi kuchagua sodiamu kutoka kwa chumvi kwa vidole.

Maji nayo ni kampaundi. Atomi mbili za haidrojeni zimeshikana na atomi moja ya oksijeni, ndiyo maana watoto huandika H2O. Haidrojeni inawaka moto, oksijeni inasaidia moto kuwaka, lakini maji yanauzima. Mwulize mtoto wako jambo hili jioni, uone kama atalieleza.

Sasa, je, maji ya ziwa ni kampaundi? Hapana. Yale ni mchanganyiko, kama nyoyo. Ndani yake mna maji yenyewe, na mna wageni wa aina tatu: wale walioyeyuka, wale wanaoelea, na wale walio hai. Kila mgeni anatolewa kwa njia yake. Sisi mwaka 2020 tulijaribu kuwatoa wote kwa njia moja.

WALIOYEYUKA

Chota maji ya ziwa, yachuje kwa kitambaa kizito, kisha yachemshe katika sufuria safi mpaka yakauke kabisa. Utaona utando mweupe chini. Hizo ni chumvi za namna mbalimbali zilizokuwa zimeyeyuka, na kitambaa hakikuweza kuzishika, kwa sababu kilichoyeyuka ni kidogo mno kupita tundu lolote la nguo. Katika maji yetu ya ziwa chumvi hizi ni chache, hazidhuru. Tuwaache wageni hawa.

Mvuke uliotoka katika sufuria ulikuwa maji matupu. Ukiukusanya na kuupoza utapata maji safi sana. Njia hiyo ni ile ile ya mtambo wa chang'aa, na tunajua kuna wasomaji wanaoielewa kuliko mwalimu yeyote wa kemia! Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji huchemka baadaye, kwa hivyo pombe hutangulia kutoka. Hapa kwetu, kwa kuwa ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, si 100 kama kitabu kinavyosema. Msihofu, nyuzi 96 zinatosha kabisa kuua vijidudu vya maji. Taabu ya kuchemsha ni kuni, na kila mama hapa anajua kuni zinapatikana wapi na kwa bei gani.

WANAOELEA

Hapa ndipo penye kosa letu, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Jaza chupa angavu kwa maji ya mto wakati wa mvua, Nyando au Sondu, uiweke mezani. Mchanga utashuka chini kabla hujamaliza kunywa chai. Lakini rangi ile ya kahawia haiondoki. Asubuhi bado ipo, kesho kutwa bado ipo. Kwa nini udongo ule hauanguki, na kila mtu anajua udongo ni mzito kuliko maji?

Sababu ni hii. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo mno kuonekana kwa macho, na kila moja imebeba chaji ya umeme ya aina moja, chaji hasi. Chaji za aina moja husukumana. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na chembe hizi ni mafahali maelfu kwa maelfu. Kila moja inaisukuma jirani yake. Zingekutana zikashikana zingekuwa bonge zito, likashuka. Lakini hazikutani.

Shabu ndiyo mpatanishi. Shabu inayotumiwa kusafisha maji ni kampaundi ya aluminiamu na salfeti. Ikiyeyuka, kila atomi ya aluminiamu inakuwa imekosa elektroni tatu, kwa hivyo ina chaji chanya mara tatu. Chembe za udongo zinavutwa, ugomvi wao unaisha. Aluminiamu hiyo pia inaungana na maji ikatengeneza kitu kama uji mwepesi, na uji huo unazoa chembe ukishuka. Utaona kwa macho yako vinyoya vyeupe-kahawia, laini kama pamba, vikianza kutokea na kwenda chini. Mlonge nao hufanya kazi inayofanana: mbegu zake zikimenywa na kusagwa zina protini zenye chaji chanya. Lakini maji ya mlonge yasiwekwe siku nyingi, maana protini ni chakula cha vijidudu.

Shabu kiasi gani? Hapa watu wengi hukosea, wanatia konzi nzima na maji yanakuwa machungu. Fanyeni jaribio hili katika mkutano, halina gharama. Yeyusha gramu 10 za shabu ya unga, kama vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Kila mililita moja ya maji hayo ina miligramu 10 za shabu. Panga chupa tano za lita moja zenye maji ya mto. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia mililita 1 katika ya kwanza, 2 katika ya pili, na kuendelea hadi 5. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano, kisha acha nusu saa. Chagua chupa yenye dawa kidogo zaidi ambayo imeangaa vizuri. Kama ni chupa ya tatu, mtungi wa lita 20 utahitaji 3 mara 20, yaani mililita 60. Mkiona zote tano bado zina tope, endeleeni na 6, 7 na 8. Maji ya Januari na maji ya Aprili hayafanani, kwa hivyo kipimo cha mwezi huu si cha mwezi ujao.

Yakiangaa, mimina polepole katika mtungi mwingine, tope libaki chini. Mkiweza, pitisheni katika kitambaa safi kilichokunjwa mara nne.

WALIO HAI

Maji yaliyoangaa yanapendeza. Ukiyatia katika gilasi utasema ni ya chupa. Usinywe! Kijidudu cha kipindupindu huwezi kukiona, na maji angavu yanaweza kukibeba.

Ugonjwa huo si hadithi kwetu. Uliingia Kenya mwaka 1971. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na watu 547 wakafa. Watafiti waliochunguza mlipuko ule waligundua kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa maji ya ziwa au ya vijito, waliokula pamoja na mtu anayeharisha, na waliokula chakula matangani. Tutarudi kwenye matanga.

Dawa ya maji ya chupa ni sodiamu haipokloriti. Ni kampaundi ya sodiamu, oksijeni na ile ile klorini, na inaweza kutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Ikiingia katika maji inatoa asidi hafifu iitwayo asidi haipoklorasi, na hiyo ndiyo inayopenya ngozi ya kijidudu na kumharibu ndani. Lakini haichagui. Inapigana na chochote kinachooza: majani, samadi, uchafu uliokuja na tope. Tuseme umeajiri vibarua kumi kupalilia shamba, ukawaacha wakashinda kutwa wakiondoa visiki. Jioni utawalipa, na magugu yako palepale. Klorini yetu ya mwaka 2020 ilimalizwa na uchafu wa mto kabla haijawafikia vijidudu. Tena vijidudu wengine hujificha ndani ya chembe za tope, dawa isiwapate. Hilo ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule mama.

Hebu tufanye hesabu, maana watoto watapenda. Dawa ya asilimia 1.2 ina miligramu 12 za klorini katika kila mililita. Kifuniko cha mililita 3 ni miligramu 36. Gawanya kwa lita 20, unapata miligramu 1.8 kwa lita. Kwa maji yenye ukungu kidogo huwekwa mara mbili, miligramu 3.6. Kwa maji ya rangi ya chai kuongeza dawa si njia. Ondoa tope kwanza.

Wengine hutumia dawa ya kufulia nguo nyeupe, kama JIK. Nyingi huwa na nguvu ya asilimia 3.5, yaani miligramu 35 kwa mililita, kwa hivyo mililita 1 kwa lita 20 inatosha. Ukitia kifuniko kizima cha mililita 3 utakuwa umezidisha mara tatu. Somani karatasi ya chupa, angalieni nguvu na tarehe ya kuharibika, na kama ina manukato au rangi msiitumie kabisa kwa maji ya kunywa. Zote ziwekwe gizani, maana jua na joto huzipunguza nguvu. Na jambo moja la hatari: msichanganye dawa hizi na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo. Asidi inaifungua klorini ikatoka kama gesi, ile ile ya mwaka 1915.

Baada ya nusu saa, maji yaliyotibiwa vizuri hubaki na harufu hafifu ya klorini. Harufu hiyo ndiyo ushahidi kwamba dawa imemaliza kazi na nyingine imebaki mlinzi. Hakuna harufu hata kidogo? Basi imeisha, kama ilivyotuishia sisi.

MANENO YA WATU

Katika kikundi kimoja, mwanachama alisimama akasema dawa hii inawafanya wanawake wasizae. Hatukumcheka. Tulimwuliza kama ana jamaa mjini Kisumu. Akasema ana dada yake, mama wa watoto watano. Sasa, maji ya bomba anayokunywa dada huyo yanatolewa ziwani pale Dunga, au yanatoka milimani upande wa Kajulu, yanatiwa dawa ya kushusha tope, yanachujwa, kisha yanatiwa klorini. Kilichotendeka katika matangi makubwa ya mji ndicho tunachofanya sisi katika mtungi. Alikaa chini akicheka, ingawa alisema harufu bado haimpendezi. Ni haki yake. Maji yakiachwa katika chungu usiku mmoja, harufu hupungua.

Kuhusu chungu: akina mama wengi hapa wanapenda maji ya dapi kwa sababu yanapoa. Wakati CARE ilipofanya mradi wa maji salama Homa Bay, karibu na mwaka 2000, wafinyanzi wa huko walitengeneza vyungu vyenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba dogo, ili mtu asiingize kikombe wala mkono. Kazi yao ilikuwa nzuri sana. Maji safi katika chungu kipana ambacho kila mtoto anatumbukiza kikombe yatachafuka kabla ya jioni.

Je, haya yote yanaleta tofauti? Katika vijiji vya magharibi mwa Kenya ambako watu hunywa maji ya tope, utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulilinganisha familia 605. Wengine walipewa klorini pekee, wengine unga wa pakiti unaoshusha tope na kuua vijidudu kwa pamoja, wengine wakaendelea kama kawaida. Kwa watoto walio chini ya miaka miwili, kuharisha kulipungua kwa asilimia 17 kwa klorini na asilimia 25 kwa unga. Kwa hivyo klorini pekee inasaidia, lakini kushusha tope kwanza kunasaidia zaidi.

TAHADHARI MOJA

Mkiona maji ya ufuoni yamekuwa ya kijani kama rangi iliyomwagwa, yasichotwe. Ule si tope. Ni viumbe vidogo vinavyozaana kwa sababu ya mbolea na maji taka yanayoingia katika Ghuba ya Winam, na baadhi yake hutoa sumu. Kuchemsha hakuiondoi, na huenda kukapasua viumbe hao sumu ikatoka zaidi. Mwaka 2004 wingi wao ulisababisha maji ya bomba ya Kisumu kukatizwa. Siku hizo tumieni maji ya mvua au ya kisima cha pampu, nayo pia yatiwe klorini.

Na sasa matanga. Kikundi chetu kimekubaliana kwamba kukiwa na msiba kijijini, pipa la maji ni jukumu letu. Wanachama wawili wanafika siku moja kabla, wanashusha tope usiku, wanatia klorini alfajiri, na mmoja anakaa kando ya pipa kuhakikisha linafunikwa na watu wanatekea bombani. Mara ya kwanza wazee walinung'unika kwamba tunaleta mambo ya hospitali katika kilio. Yule mama aliyetuuliza mwaka 2020 ndiye aliyewajibu, na sasa ndiye mweka hazina wetu wa shabu.

Kwa mkutano ujao, kila mwanachama alete chupa angavu ya lita moja yenye maji anayokunywa nyumbani kwake, bila kuyachuja. Andikeni kwenye chupa yametoka wapi. Waleteni na watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9, wao ndio watakaoshika bomba la sindano na kuandika hesabu.